Usaili wa Kazi ya Treni

Nilikuwa na usaili Dodoma Jumatatu, kazi ya kuhudumia abiria wa treni mpya. Nilitaka kukata tiketi ya basi, bibi yangu Tufaha akagoma. Afisa mmoja alikuja mtaani kwetu Chemchem akatangaza kwamba treni inaanza Jumapili, na bibi anamwamini yeyote mwenye kipaza sauti.

Basi Jumapili ukoo mzima ukanisindikiza stesheni na dua, ubani na hotipoti la pilau. Tukakuta geti limefungwa, mlinzi anapiga mswaki.

"Shikamoo bibi. Mnasubiri nini?"

"Marahaba. Treni, mwanangu. Afisa katuambia."

"Yule? Mwenyewe kaondoka jana na ndege."

Mabasi nayo yalishaondoka. Nikadandia lori la tumbaku lililotoka Urambo, nikakalia marobota mpaka Dodoma. Bibi alilia kama nakwenda vitani.

Kwenye usaili mzee mmoja wa jopo akakunja pua. "Kijana, unavuta tumbaku?"

"Hapana, mzee. Nimesafiri nayo."

Wakacheka, wakanong'onezana. Kazi nimepata, bwana! Naanza siku treni itakapoanza.