Sura Yangu Kwenye Kuta za Watu

Habari za ukuta wa kwanza aliniletea Syauswa, mama anayeuza samaki wa chumvi karibu na ghala langu la maharagwe pale Butembo. Mdomo wake haujawahi kupata likizo. Alisimama mbele ya magunia yangu asubuhi, akanitazama juu hadi chini.

"Papa Orpa, uko na ndugu mwenye munafanana?"

"Ndugu zangu wote unabajua. Juu ya nini unauliza?"

"Juu iko mutu banamuchora ku ukuta ya dispensaire, kule chini ku muto. Anatupa takataka mu mayi. Donc, kama si wewe, ni pacha yako."

Nilimwambia aende akauze samaki wake. Alipogeuka tu, nikafunga ghala nikashuka.

Ukuta wa zahanati ulikuwa mpya, rangi bado inanuka. Mchoraji alikuwa ameweka mto wa buluu, ingawa mto wenyewe haujawahi kuwa wa buluu tangu nizaliwe. Ukingoni alisimama mwanaume mwenye tumbo langu, mguu wake wa kushoto umepinda nje kama wangu, anamwaga karai la maganda majini huku mkono mmoja ameuweka nyuma ya kiuno. Chini yake ziliandikwa herufi zilizonyooka vizuri sana: MUTU MUBAYA KWA JIRANI YAKE. Pembeni kulikuwa na mama mwema mwenye pipa la taka, lakini hakuna aliyemtazama. Wanafunzi wawili walikuwa wanacheka. Mmoja aliniona, akamgusa mwenzake kwa kiwiko, wakanyamaza.

Nilijua papo hapo ni kazi ya nani. Abdias ni kijana anayeandika majina ya maduka na bei za sabuni, na siku hizi mashirika yanampa kuta nzima nzima. Mwaka uliopita wajomba zake walileta mbuzi wa mahari kumposa Orpa, binti yangu wa pekee. Nilikula nao, nikanywa kasiksi yao, pombe ya ndizi. Siku ya tatu nikamtoa mbuzi mmoja zizini, nikasema ana kikohozi, nikamrudisha kwa miguu kupitia barabara kubwa, mchana wa siku ya soko, ili kila mtu aone. Kwetu kurudisha mbuzi mmoja ni kurudisha wote, na kumrudisha hadharani ni kumtemea mtu mate usoni. Mbuzi hakuwa na kikohozi chochote. Sikutaka tu mkwe ambaye shamba lake ni ngazi na kopo la rangi.

Wiki mbili baadaye Orpa aliondoka na begi moja. Nikasikia yuko Beni, pamoja na huyo huyo Abdias. Nilitaka arudi nyumbani. Nyumba bila mama yake ilikuwa tayari imepoa, na bila yeye ikawa kama ghala lililouzwa. Nikajiambia: nikimvunja huyu kijana mbele ya watu, mashirika yakaacha kumwita, Orpa ataona ameshika hewa, naye atarudi.

Kwa hiyo nikanunua chokaa na brosi. Nilianza na uso, nikamalizia na tumbo. Mwuguzi mkuu wa zahanati alitoka nje akiwa bado na glavu mikononi.

"Papa, hii ukuta ni ya dispensaire."

"Na hii sura ni yangu."

Akacheka. Hakujaribu hata kuficha. "Batu balikuwa banaulizana ni nani," alisema. "Sasa banajua."

Mwuguzi yule alisema kweli, na namchukia mpaka leo kwa kweli hiyo. Watu waliopita pale kila siku bila kuinua macho sasa walikwenda makusudi kutazama doa jeupe, na wakirudi sokoni walitaja jina langu: ni Mathe. Ukuta wa pili ulikuwa wa shule, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Safari hii nilikuwa baba aliyeinua mkanda juu ya mtoto aliyejificha chini ya meza. Mkanda ulikuwa umekunjwa mara mbili, chuma chake kimefungiwa ndani ya ngumi. Ndivyo ninavyoushika. Abdias alikuwa ameniona mara mbili tu maishani mwake, mara zote mbili nimeketi, nimevaa koti na kofia. Hilo lingenitosha kufikiri, lakini hasira ilikuwa imekaa mahali pa akili. Nilifika na chokaa, walimu wakanifukuza, basi nikarudi kuupaka Jumapili watu wakiwa kanisani. Nikakosa misa kwa ajili ya ukuta.

Kasimu ndiye aliyeniambia habari za Beni. Kasimu ni Mwislamu wa kule, hubeba watu na mizigo kwa piki-piki, na kwa miaka mingi amenibebea maharagwe bila kupoteza hata gunia moja. Alikuwa anakaza kamba, hakunitazama usoni.

"Muzee, na kule Beni uko. Ni mukubwa, unapita hata camion ya mizigo."

"Ninafanya nini?"

"Afazali uone mwenyewe."

Tuliondoka kesho yake alfajiri, mimi nyuma yake, ndoo ya chokaa imefungwa kando. Mtu akishatukanwa na ukuta hawezi tena kupita kuta bila kuzitazama. Kwa miaka thelathini nimepita barabara ile nikiangalia bei na mashimo tu. Sasa niliona yote: mchezaji wa mpira mwenye miguu miwili ya kulia, askari anayesalimiana na mama kwa tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwa askari, sokwe mbele ya kinyozi, Bikira Maria mwenye shingo ndefu kupita kiasi. Niliwachukia wote. Lakini niliona pia kwamba herufi za Abdias zilikuwa kwenye kuta nyingi, na kwamba pale palipokuwa na herufi zake siku hizi, watu waliochorwa walikuwa wanapumua. Sokwe wa kinyozi hakupumua, na chini yake mwandishi alikuwa mwingine.

Ukuta wa Beni ulikuwa wa ghala, unatazama barabara. Kasimu alizima piki-piki, akabaki ameikalia.

Mwanaume amesimama mlangoni pa nyumba ya mbao. Ametandaza mikono, mmoja umeshika mwimo huu, mwingine mwimo ule. Mbele yake wauguzi wamevaa yale mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, mmoja ameinua kiganja kama anayeomba. Chini ya mkono wa mwanaume, ndani gizani, unaonekana mguu wa mtu aliyelala juu ya mkeka. Maneno yalisema: ALIFICHA MUGONJWA.

Nitasema jambo hili mara moja. Mke wangu Kanyere alikufa kwa Ebola, mwaka ule ambao kila mtaa ulikuwa na msiba. Tulikataa asipelekwe. Wengi walikataa. Watu walisema wanaoingia kwenye yale mahema ya matibabu wanatoka ndani ya mifuko, na magari ya kubeba wagonjwa yalikuwa yanapita na askari. Nani angewaamini? Wasioishi mwaka ule Butembo wasinihukumu. Baada ya mazishi walikuja kupuliza dawa nyumbani, wakachoma godoro, nguo zake na kasha lenye picha zetu zote. Sina hata picha moja ya mke wangu.

Nilipaka chokaa ukuta ule mpaka mabega yakauma. Nilianza na mikono. Watu walikusanyika, mama mmoja akasema kwa sauti kwamba dada yake alifichwa hivyo hivyo na mume wake, na kwamba ukuta ule ndio peke yake uliosema. Nikamwambia aende akamsemee dada yake kwingine. Akaokota donge la udongo, akanitupia mgongoni. Sikugeuka. Nilimaliza mguu wa juu ya mkeka, nikarudisha brosi ndani ya ndoo.

"Tumutafute huyu muchoraji," nilimwambia Kasimu. "Leo."

"Banatumika kazi Mavivi, ku barabara ya aeroport. Lakini njiani kuko kitu kingine. Ukikipita bila kukiona, batu batakuambia."

Kwenye rond-point moja ndogo, mzunguko wa barabara, palisimama mwanamke wa simenti, mkubwa kuliko mtu. Ameinama kidogo, kapu la viazi mgongoni limeshikwa na kamba inayopita kwenye paji la uso wake. Ni mzigo wa kila mama wa kwetu, na sanamu za namna hiyo unaweza kuzikuta popote. Nilikuwa tayari kumcheka. Kisha nikamzunguka, nikaona uso.

Alikuwa Kanyere. Si mtu wa kufanana naye. Alikuwa yeye, na lile jicho moja analolifunga kidogo akichoka, na mdomo ulioshika neno ambalo ameamua kutolisema. Nilishika ukingo wa rond-point, nikakaa chini kama mlevi, na magari yakapiga honi.

Kasimu alikuja kuketi karibu yangu.

"Alimujua wapi?" nilimwuliza. "Kanyere alikufa mbele huyu kijana hajafika kwangu. Na picha banachoma zote."

"Muzee," alisema Kasimu polepole, "mutu mwenye kutengeneza hii sura alikula ku meza yako."

Nilimwambia anyamaze. Nilijua alichotaka kusema, na nilikuwa nimekijua tangu ule ukuta wa mkanda, naapa. Sikutaka kijulikane. Nilipanda piki-piki nikamwamuru aende haraka, kama vile mtu anaweza kulifikia jambo kabla halijatokea.

Mavivi, karibu na uwanja wa ndege, kulikuwa na ukuta mrefu wa zege, mbao zimefungwa juu yake kwa kamba. Abdias alikuwa chini, anavuta uzi wa chaki ili anyooshe mstari wa herufi. Aliponiona aliuachia uzi, ukajikunja. Sikumsalimia. Nilimwambia kwamba ameharibu jina langu katika miji miwili, kwamba nitampeleka kwa mkuu wa mtaa, kwa paroko, kwa hakimu, na kwamba hatapewa tena hata mlango wa choo aandike.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Papa, mimi ninaandikaka maneno tu," alisema. "Sura sijue kuzichora. Hata sura ya mbuzi."

Akainua kidevu, akaonyesha juu.

Orpa alikuwa amesimama kwenye mbao, kitambaa kichwani, rangi hadi kwenye viwiko. Alikuwa amekonda. Hakushuka.

"Karibu, Papa. Usikanyage ile kopo."

"Shuka. Twende nyumbani."

"Niko mu kazi."

"Unanivua nguo mbele ya batu. Mimi baba yako."

Alichovya brosi, akaifuta ukingoni mwa kopo kwa utulivu ambao ulinikasirisha kuliko tusi. "Shirika banasema, chora mutu mwenye kutupa takataka mu muto. Ninafunga macho, ni wewe njo unakuya. Banasema, chora mutu mwenye kupiga batoto. Ni wewe tena. Nifanye aje? Sijue mutu mwingine vizuri vile."

Nilitaka kumwambia ni yule mbuzi wa Abdias ndiye anayemuuma, lakini nikaacha, kwa sababu nyuma yake nilikuwa nimeona anachochora. Ulikuwa mlango ule ule. Mikono ile ile, mikubwa mara mbili. 

"Banatupigia simu," alisema. "Umepaka chokaa ile ya Beni. Hapana neno. Hii itaonekana hata ku avion."

"Ni uongo. Ile ya mulango ni uongo."

Sasa aliacha kuchora. "Ni mimi nilienda kuita ba infirmiers, bale ba nguo nyeupe, Papa. Nilisimama nyuma yao mu kiwanja. Mama alikuwa analia ndani, anasema, Mathe, uniache niende. Wewe ukashika mulango. Uniambie nilichora nini ya uongo, na mimi nitaifuta sasa hivi, mbele yako."

Nilitazama ukuta. Nilitafuta, Mungu ananiona, nilitafuta kama mtu anayetafuta shilingi kwenye vumbi. Nilisema tulikataa. Hapakuwa na sisi. Kanyere alitaka kwenda, na aliita kwa jina langu, na mimi niliona aibu jirani wamwone akipakiwa kwenye gari lile. Mwimo wa mlango ulikuwa na ufa, na Orpa aliuweka ufa. Mguu juu ya mkeka ulikuwa umegeukia mlangoni, na kweli uligeukia mlangoni. Niliangalia mikono yangu ukutani, kisha kifua chenye shati jekundu, kisha shingo.

"Shati," nilisema.

"Shati namna gani?"

"Ile siku hapana nilivaa nyekundu."

Abdias aliinamisha kichwa. Orpa alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ulivaa rangi gani?"

"Ya majani," nilimwambia.

Akashuka, akapita karibu nami bila kunigusa, akafungua kopo la rangi ya majani, akapanda tena.