Kugawana Fimbo

Jostein aliisimamisha fimbo ya kuvulia samaki wima katikati ya duka, akaitikisa mara moja, na ncha yake ikaendelea kutetemeka huko juu karibu na dari muda mrefu baada ya mkono wake kutulia. Nilikuwa nyuma yake, koti la mvua bado mwilini, nikiutazama mgongo wa mume wangu kama mtu aliyesimama mbele ya nyumba asiyojua kama wenyewe wamo.

"Ni ndefu," nikasema.

"Inafika mbali," akajibu bila kugeuka.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei. Theluji ya milimani ilikuwa inayeyuka, mto umepanda hadi kwenye mizizi ya miti ya ukingoni, na bonde zima lilikuwa linangoja ufunguliwe msimu wa kuvua samoni, wale samaki wakubwa wanaopanda mto kutoka baharini. Fimbo yetu ya kuvulia ilikuwa imebanwa na mlango wa gari mwezi uliotangulia, ikakatika karibu na ncha. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tulisimama tu pale uani tukaiangalia, kisha Jostein akaiokota na kuiweka nyuma ya banda. Hilo ndilo lililonitisha. Zamani tungegombana mchana kutwa nani kaufunga mlango, na jioni tungecheka.

Tangu Februari alikuwa hivyo. Alikuwa amekwenda kaskazini kabisa, karibu na mpaka, kuweka nyaya za umeme kwenye kiwanda kipya, na aliporudi alirudi na ukimya ambao hakuondoka nao. Alimbeba Tiril, aliosha vyombo, aliniuliza habari za masomo yangu ya jioni. Usiku alilala akiwa ameelekea ukutani. Nilipomuuliza kuna nini alisema amechoka tu. Mimi nikajiambia: tukishapata fimbo mpya, mambo yatakaa sawa. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na anayetaka kunicheka anicheke, lakini kwanza aelewe fimbo kwetu ni kitu gani.

Mtoni kwetu kibali cha kuvua ni cha fimbo, si cha mtu. Watu wawili wanaruhusiwa kugawana moja: huyu akirusha, yule anakaa kwenye benchi na chupa ya kahawa, kisha wanapokezana. Wapo ndugu waliozeeka hivyo. Wapo mume na mke ambao nyumbani wanapitana kama wapangaji, lakini Juni ikifika utawakuta pale ukingoni wanapeana fimbo kwa zamu, na mmoja akipata samaki wote wawili wanasema "tumepata". Ukimwona mtu wa bondeni anaulizia nani anagawana fimbo na nani, ujue anaulizia mambo ya ndani.

Jostein nilimpata hivyo. Nilikuja bondeni nikiwa msichana, nikafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na siku zangu za mapumziko nilikuwa nakaa kwenye lile benchi kwa sababu halikuwa na kiingilio. Siku moja mwenzake wa kuvua alikuwa mgonjwa. Alivua peke yake asubuhi nzima, kisha akapanda ukingo akanipa fimbo kana kwamba tulikuwa tumekubaliana tangu jana.

"Umekaa hapo bure. Shika."

"Sijui kurusha."

"Na hawa wote hawajui. Wanajifanya tu."

Nikaishika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa mimi natumia kushoto. Kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kilikuwa na mpini wake upande wa kushoto vilevile, kwa hiyo nikawa na mikono miwili inayogombania upande mmoja. Watu wengi wangenicheka, au wangenifundisha kutumia kulia. Yeye aliitwaa fimbo, akafungua skrubu, akauchomoa mpini akauhamishia upande wa pili, akanirudishia. Tangu siku hiyo, kila tulipobadilishana zamu, mpini ulihama: wake, wangu, wake, wangu. Hata Tiril alipozaliwa, tukimweka kwenye kikapu pale benchini, mmoja akirusha na mwingine akibembeleza, mpini uliendelea kuhama. Vidole vyake vilifanya kazi hiyo huku macho yakiwa mtoni. Sikuwahi kumwambia kwamba mimi nilikuwa navitazama vidole, si mto.

Basi siku ile dukani nilikuwa nimemwacha Tiril kwa bibi yake, nikavaa sweta ambalo Jostein aliwahi kulisifu. Tunakwenda kuchagua, nilijiambia. Tunakwenda.

Mwenye duka, Bergljot, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, alitupokea kama anavyotupokea kila mwaka, kwa maneno. Alisema amesikia tumeua fimbo kwa mlango wa gari, na kwamba samoni wa bonde zima wamefanya sherehe. Alimwambia Jostein anajua kabisa nani mvuvi katika nyumba ile, maana kila akipita mtoni anamkuta yeye Jostein na kikombe mkononi. Jostein akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama anavyomtabasamia mgeni.

Bergljot alikuwa ameshatutengea yetu. Aliitoa nyuma ya kaunta, fimbo ya urefu wa kadiri, akaikunja kwa viganja vyake viwili kutuonyesha ulaini wake.

"Hii ndiyo ya nyumba yenu," akasema. "Haimtesi mama Tiril, wala haimwaibishi baba Tiril. Nimewakatalia watu wawili."

Akaendelea na mengine: kwamba maji yamejaa tope, kwa hiyo vile vijiko vyeupe vya bati vya kunasia samaki tuviache kwanza, tuchukue vya shaba, vizito, vishuke hadi chini samaki walikolala, kwamba mshipi uwe mnene, kwa sababu mtu wa ukingoni hana mashua ya kumfuata samoni, akiamua kushuka na mto umebaki na mshipi wako na miguu yako. Mambo tunayoyajua. Lakini kwetu kuchagua ni pamoja na kuambiwa unayoyajua, na mimi nilikuwa naitikia kila kitu, nina furaha kama mtoto.

Jostein aliipokea fimbo ya Bergljot, akaishika kidogo, akaiegemeza ukutani. Ile ndefu hakuiachia. Ilikuwa fimbo ya kushikwa kwa mikono miwili, yenye uzito mkononi, na mimi nisingeweza kuirusha nusu ya asubuhi bila bega kulalamika. Nikafikiri: labda anataka kufika ule mkondo wa ng'ambo. Nikafikiri: nitajizoeza. Mtu anayetaka kubaki hupata njia ya kueleza chochote.

Kisha akainamia kabati la vioo, akaweka kidole juu ya kioo.

"Na hiki."

Bergljot alivaa miwani yake. Alikitoa kigurudumu kile taratibu, akakiweka juu ya kitambaa. Kilikuwa kizuri, cheusi, kizito, cha umbo la pipa. Alikigeuza huku na huku, na nikaona uso wake unabadilika kabla sijajua kwa nini.

"Jostein," akasema, "hiki mpini wake hauhami. Uko kushoto, utabaki kushoto." Alikuwa akisema naye lakini alinitazama mimi.

"Najua," akasema Jostein.

Nje gari lilipita, likarusha maji ya mvua. Bergljot akaanza kufuta kioo cha kabati kwa mkono wa sweta lake, mahali pasipo na doa. Mimi niliangalia kile kigurudumu. Nilitaka kuuliza swali, lakini swali lenyewe lilikuwa limeshajibiwa, liko pale juu ya kitambaa, linang'aa.

Nikajikuta nimekwenda kwenye ukuta wa vijiko. Sijui niseme nini juu ya hilo. Mtu mwingine angetoka nje. Mimi nilianza kuchagua, kwa sababu ndicho tulichokuwa tumekuja kufanya na kwa sababu najua anavyovua. Najua anarusha karibu mno na ule mwamba wa chini. Najua hapendi ndoana za kutu na anasahau kuzikagua. Nilichukua vya shaba viwili vya aina moja, nikapima uzito wake kiganjani, nikachukua kimoja chenye mstari mwekundu cha maji yakipungua. Nikaviweka mbele yake.

"Chukua viwili vya hivi," nikamwambia. "Kimoja utakipoteza kwenye mwamba."

Ndipo akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Februari alinitazama sawasawa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyebeba kitu kizito ngazi nyingi na hajui akitue wapi.

Aliniambia ndani ya gari, tukiwa bado tumeegesha mbele ya duka, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu. Kazi ya kaskazini amepewa ya kudumu. Angeondoka baada ya sikukuu ya katikati ya kiangazi. Hakuwa anaomba tuhame naye. Alisema ameishi pale nyumbani miezi hii kama mtu aliyeazima nguo za mwenzake, anazitunza, anaogopa kuzichafua, lakini si zake. Alisema mimi sijafanya kosa. Nikamuuliza lile linaloulizwa na kila mke.

"Hakuna mtu, Sunniva," akasema. "Angekuwepo, ingekuwa rahisi kukueleza."

Alilia yeye. Mimi nilimpapasa kisogoni, kwenye zile nywele fupi, mpaka akanyamaza, kisha tukaenda kumchukua mtoto. Mama yake Jostein alikuwa amepika viazi na madonge ya nyama ya kusaga, na tukala.

Leo Tiril anakaribia kuanza shule, na mimi nimebakiza mtihani mmoja niwe muuguzi. Wiki zile zimefifia, isipokuwa asubuhi moja, ya kufunguliwa kwa msimu. Sikuwa nimepanga kwenda. Tiril ndiye aliyeviona viatu vya mpira vya baba yake vimetoka, akavaa vyake, akasimama mlangoni. Basi nikatandika blanketi juu ukingoni, kwenye nyasi, nikampa mkate wenye jibini, nami nikakaa.

Jostein alikuwa chini yetu, kwenye mawe, suruali ya mpira imemfika kifuani. Alirusha. Sitaki kumdhulumu: sijawahi kumwona akirusha vizuri vile. Ile fimbo ndefu ilijipinda ikajinyoosha, na kijiko kikaruka hadi kwenye mkondo wa ng'ambo ambao kwa miaka yetu yote tulikuwa tunautazama tu. Hakuwa na wa kumpokea zamu. Alirusha, akashuka hatua, akarusha tena, na mabega yake yalikuwa yamelegea. Nikaelewa kwamba hakunidanganya. Alikuwa anapumua.

Samaki alikamata pale mkondoni. Fimbo ilipinda hadi nikasimama. Samoni alishuka na mto, Jostein akamfuata akijikwaa juu ya mawe, mshipi ukilia. Akapanda, akashuka tena. Tiril akaacha kutafuna. Hatimaye samaki alichoka, akaja ubavu karibu na mawe, mnene, mweupe wa baharini. Hapo ndipo yalipomkuta. Ukingo wetu una kina hapohapo mguuni, huwezi kumburuta samaki nchi kavu. Lazima mtu wa pili ashuke na kimia. Na fimbo ikiwa ndefu vile, ukiwa peke yako, kadiri unavyoiinua ndivyo samaki anavyobaki mbali na mkono wako. Alinyoosha mkono, hakufika. Akarudi nyuma, akanyoosha tena. Watu wa bondeni wangemcheka: amechagua vifaa vya mtu mmoja kwa kazi ya watu wawili.

Akainua uso akatazama juu tulipokuwa. Hakuniita. Angeniita, labda nisingekwenda.

Nilimwambia Tiril asitoke kwenye blanketi. Nikashuka, nikachukua kimia kilichoegemezwa jiweni, nikaingia majini na viatu vyangu vya kazini, baridi ikanikata hadi magotini. Nilimpitishia samaki kimia kutoka mkiani. Akawa mzito kama mtoto aliyelala.

"Ni jike," akasema Jostein.

"Naona."

Mwaka ule majike yote yalikuwa yanarudishwa mtoni ili yakazae. Aliweka fimbo chini juu ya mawe, akapiga magoti, akaitoa ndoana kwa vidole vilevile. Samaki aliyechoka humtupi tu. Ukimwachia mapema anageuka tumbo juu anachukuliwa na maji. Unamshika kichwa kikielekea juu ya mto, maji yampite kwenye mashavu, mpaka nguvu zimrudie. Jostein alimshika chini ya tumbo. Alikuwa mzito kwa mikono miwili, kwa hiyo nikamshika mimi mkiani. Tukakaa hivyo, mabega yamegusana. Maji yalikuwa ya theluji, na baada ya muda sikujua vidole vipi ni vyangu.

"Nitakuja kila mapumziko," akasema. "Kwa ajili yake."

"Najua utakuja."

Samaki akakaza mwili mara moja, kisha hakuwepo. Mikono yetu minne ilibaki palepale ndani ya maji, viganja wazi.

Mimi ndiye niliyetoa yangu kwanza. Tiril alikuwa anaita huko juu, mkate wake umeanguka kwenye nyasi, anataka mwingine.