Umeme Ulipanda Kiti cha Nyuma

Jana usiku, nikiwa nimelala chali kama kawaida yangu, niliota ni saa nne asubuhi na mke wangu Nakijwa amesimama mlangoni, ameshika tumbo.

"Mbonea," akasema, "mtoto anakuja."

Nikapiga simu hospitali. Nesi akauliza uchungu umeanza lini, kisha akasema, "Njooni. Ila mje na umeme wenu. Wa kwetu umechoka."

Hakusema kwa mzaha, nami sikumhoji. Nikaenda sebuleni kuchukua umeme.

Nikaukuta unaondoka. Umeme wa nyumba yetu ni mwanamke mwembamba mwenye koti la njano. Alikuwa na begi mkononi, na kila akipiga hatua alidondosha matone ya mwanga sakafuni.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Popote, shemeji. Hapa ninavuja."

Nikayafuata matone. Yanaishia kwenye chaja iliyochomekwa ukutani bila simu. Inanyonya, imefumba macho kama ndama. Nikaichomoa, ikacheua. Stoo nako taa inawaka tangu Pasaka, inalinda gunia tupu. Nikaiambia inaweza kupumzika.

"Kweli?" ikasema, ikazimika kabla sijafika kwenye swichi.

Friji ndilo lililokuwa na maneno.

"Jana umenifungua mara kumi na tisa. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Hakuna. Nilikuwa naangalia tu."

"Mara kumi na tisa?"

"Nina wasiwasi," nikasema. "Mke wangu anajifungua."

Friji likashusha mngurumo. "Basi kuwa na wasiwasi mlango ukiwa umefungwa."

Nikaufunga. Niliposikia umejibana sawasawa, nilikuwa nimeshika usukani wa gari. Nakijwa yuko kiti cha nyuma, na Umeme kakaa pembeni yake, begi magotini. Mashavu yameanza kumjaa.

Gari letu lilikohoa, kwa sababu ni la zamani.

"Nina mafuta kijiko kimoja," likasema. "Cha chai."

"Yatatosha?"

"Yatatosha usiponikanyaga."

Nikavua viatu.

"Na mzigo upungue."

Kwenye buti nikakuta mfuko wa saruji iliyoganda, spika mbili za kwaya, na mjomba Kirita, ambaye tulimpa lifti ya kwenda msibani Mwanga mwaka juzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tumefika?"

"Bado."

"Basi nitamalizia kwa miguu." Akashuka, akabeba spika moja kila kwapa, akatuaga kwa kidevu. Saruji nikaishusha mwenyewe.

Tulikuwa bado hatuendi. Matairi yamelala kama chapati, na pampu hatuna. Uchungu ukambana Nakijwa, akapuliza pumzi ndefu kama alivyofundishwa kliniki. Tairi la mbele kushoto likainuka. Akapuliza tena. Uchungu ulikuja mara nne, matairi yakasimama yote manne, nasi tukaondoka.

Njia ina vilima viwili. Cha kwanza tulikipanda polepole. Ninachokiogopa ni cha pili. Miaka miwili iliyopita, na hili si la ndotoni, mafuta yalituishia pale, Nakijwa akiwa na uchungu. Nilikuwa nimekanyaga tangu nyumbani kwa hofu, mshale umelala na mimi siuoni. Tulifika hospitali tumechelewa. Mtoto yule hatukurudi naye.

Sasa kilima kile kile kiko mbele yangu, na mguu wangu wa kulia unageuka jiwe. Naona kabisa vidole vinakuwa kokoto. Unashuka wenyewe kuelekea chini.

"Mbonea," gari linasema. "Unanikanyaga."

"Si mimi. Ni mguu."

Gari kubwa jeupe linatupita kwa kasi. Dereva anapiga kelele, "Nimechelewa! Nimechelewa!" Linaipita hospitali, linageuza, linarudi, linatupita tena likielekea lilikotoka. Dereva bado amechelewa.

Nakijwa akaweka mkono begani mwangu. Akaniita jina ambalo hajawahi kuniita, hata siku moja.

"Baba," akasema. "Twende hivi hivi. Mimi nipo, mtoto yupo. Tutafika."

Jiwe likalainika. Nikahisi kidole kimoja kimoja kikirudi. Machozi yalinitoka, lakini usukani niliushika vizuri. Tukapanda kilima taratibu kama mtu anayebeba supu ya moto, tukafika juu, tukashuka, tukaingia getini.

"Limebaki tone," gari likasema. "Nimelitunza la kurudia."

Ndani ya hospitali kila kitu kimezimwa: kompyuta, feni, hata televisheni ya wanaosubiri. Watu wamekaa kimya karibu na madirisha, wanasomeana barua kwa mwanga wa jua. Hakuna anayelalamika.

"Tumezima vyote ili joto liende kwa watoto," nesi akaniambia. "Umeme wenu uko wapi?"

Umeme alikuwa ameshashuka. Hakuwa mwembamba tena. Alivua koti la njano, akanikabidhi begi, akaingia kwenye taa iliyokuwa juu ya kitanda kidogo. Joto likateremka kitandani. Nakijwa wakampitisha, mlango ukafungwa.

Nikasimama peku na begi la mtu.

Nikasikia kilio. Kilikuwa kikali, cha mtu mwenye malalamiko ya haki. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Nesi akatoka, akachomoa kalamu kwenye nywele zake, akanishika kiganja cha kushoto na kuandika.

"Printa tumeilaza," akasema. "Hiki ndicho cheti chako mpaka iamke. Usikifute."

"Umeandika nini?"

"Utakisoma nyumbani. Jua litakuwa limeshatoka."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nakijwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akichana nywele, tumbo lake la miezi saba limetulia mapajani. Tulikubaliana tusimuulize daktari kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Tuliogopa kumzoea mapema.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

Nikakunjua kiganja chini ya shuka. Kwa wino wa bluu, uliochujuka kidogo kwa jasho, kulikuwa na maneno machache: *Kike. Kilo tatu na robo. Mzima.*

"Hamna kitu," nikasema. "Nimelala vizuri tu."

Nikaenda kuoga. Nilioga mwili mzima, mkono wa kushoto nimeuinua juu, mbali na maji.