Goti la Enoch Entwistle

Mume wangu Enoch Entwistle alikuwa mshambuliaji wa kati, na kwa misimu sita mji wetu wote ulimwimba. Klabu zilipoanza kulipa wachezaji waziwazi, aliacha kufuma pamba akawa mtu wa mpira. Kisha beki mmoja mnene kutoka ng'ambo ya vilima akamkanyaga goti, basi, mpira ukaishia hapo.

Bwana Crabtree, mwenyekiti wa klabu na mwenye kiwanda cha bia, alikuja nyumbani, kofia mkononi.

"Enoch, ile baa yangu ya karibu na kanisa haina mtu. Ichukue. Watakuja kunywa ili wakuone tu."

Kwetu wachezaji wengi huishia hivyo. Lakini mimi ni binti wa mhubiri wa Kimethodisti, na tangu utotoni niliapa kwamba sitagusa pombe. Enoch alinitazama, kisha akasema, "Ahsante, bosi. Nitarudi kiwandani kufuma pamba."

Nilifurahi kweli.

Kazi ya kufuma ni ya kusimama kutwa. Mchana mmoja nilimpelekea pai ya viazi, nikamkuta ameegemea mtambo, mguu mmoja juu, jasho linamtiririka. Wanawake wa kiwandani walikuwa wakimtania.

"Entwistle! Mpira huo, babu! Kimbia!"

"Nipeni pasi basi, mbona mnanibania?" akajibu, naye akicheka. Kicheko kile kilinichoma moyo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Crabtree. "Nipe funguo za baa."

"Na baba yako je, Keziah?"

"Baba yangu ana magoti yote mawili."

Jioni baba alikuja, hata kuketi hakutaka. "Chagua, mwanangu. Kanisa au baa."

"Nilishachagua, baba. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufungisha ndoa."

Akaondoka bila kuaga.

Sasa Jumamosi baa hufurika. Enoch hukaa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli, akisimulia mabao yake, na yule beki anazidi kunenepa kila mwaka. Bia namimina mimi. Kuionja, sijaionja.

Jumapili asubuhi, kabla hatujafungua, baba hupita kwenda kuhubiri. Akifika karibu nasi huvuka barabara. Mimi husimama dirishani nikimtazama mpaka aingie kanisani. Nampenda baba yangu. Hajageuza shingo hata mara moja.