Kifo cha Bi Gamba

Mume wangu ni mtu mzuri, sitaki mtu anielewe vibaya. Ni fundi friji, kazi yake safi, na hawezi kulala kabla hajahakikisha mlango umefungwa. Ila neno "samahani" halijawahi kutoka kinywani mwake. Akinikosea, ananuna yeye, utadhani mimi ndiye niliyemkosea. Anaingiza shingo mabegani, anakodolea macho ukuta, na wewe unaweza kusema mpaka koo likukauke.

Ndiyo maana siku aliponionyesha ile programu ya akili mnemba, ambayo unaiandikia maneno nayo inakutengenezea video, nilimwambia atengeneze kobe dume anayenuna. Akacheka, akatengeneza. Halafu, bila kuombwa, akamwongezea mke mwenye mdomo. Hivyo ndivyo walivyozaliwa Mzee Gamba na Bi Gamba, wanaogombana kila wiki juu ya nani kaacha taa inawaka na nani kamaliza sukari. Maneno natunga mimi, na sauti ya bibi ni yangu, tunarekodi kwenye chumba changu cha kushonea mashine zikiwa zimezimwa. Sauti ya mzee ni yake, na ndiye anayepanga picha. Watu walitupenda mno. Nampima mteja kiuno, ananiuliza, "Vipi, wamepatana?"

Wasichokijua ni kwamba ugomvi wote ule ulikuwa wetu, na aliyekosa ndiye aliyetengeneza kipande cha wiki hiyo. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa mdomo, ilitokea tu. Aliposahau kwenda kumpokea mama yangu kituoni, Mzee Gamba alitembea barabara ndefu na maua mgongoni. Nilipolikata shati lake alilolipenda nikalifanya tambara, Bi Gamba alimshonea mumewe gamba jipya. Tunakaa, tunatazama pamoja, tunacheka, yameisha.

Basi likaja tangazo. Wenye programu walisema huenda wakaifunga, bado wanajadiliana, na kila mtu apakue kazi zake mapema. Kwenye kundi letu la watengenezaji kukawa kama msibani. Mmoja akashauri tuhamie programu nyingine. Tukajaribu, Mzee Gamba akatoka na meno. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mume wangu hakucheka. Alishinda kwenye karakana yake ameshika tama mbele ya friji la watu.

Kesho yake mchana nilikuwa nakata sare za shule simu ikaita. Alikuwa mama yangu, ambaye siri yetu anaijua, na alikuwa analia.

"Mwanangu, uko salama?"

"Niko salama, mama. Kuna nini?"

"Mbona umekufa?"

Nikakata simu, nikaenda kuangalia ukurasa wetu. Mume wangu alikuwa ametengeneza kipande cha mwisho cha kuwaaga mashabiki, na amekirusha bila kunishirikisha. Bi Gamba yuko kitandani. Anafumba macho, basi, ameondoka. Hata neno la mwisho hakunipa! Mimi, wa kufa kimya? Mzee Gamba anabaki mlangoni anatazama mvua, na chini ya video watu wameandika pole zisizo na idadi.

Karakana iko ng'ambo ya barabara. Nilivuka na futi yangu ya kupimia shingoni, nikamkuta amepiga magoti nyuma ya friji.

"Umeniua!"

"Ni kobe," alisema.

"Ni mimi! Mashabiki hawajui, wewe unajua ni mimi. Mama analia huko!"

"Nilitaka tumalize vizuri."

"Umeniuliza?" Na hapo mori ukanipanda, ulimi ukanishinda nguvu. "Maneno yote ni yangu. Watu wanachekea maneno yangu. Wewe kazi yako ni kubonyeza tu."

Aliweka bisibisi chini polepole, na niliona usoni mwake kwamba neno limeingia. Niliondoka hivyo hivyo, maana hasira zilikuwa bado zinachemka.

Jioni alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja na simu mkononi. Nilijua anachotaka kufanya, atengeneze kipande cha kuniomba radhi. Lakini watengenezaji wote walikuwa wanapakua kazi zao kwa mpigo, programu ikazidiwa. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka. Nilimtazama juu ya cherehani, na hasira zikanitoka zenyewe, nikabaki na woga. Je, kama haitafunguka tena? Sisi tutapatana vipi? Nilituona tunazeeka ndani ya nyumba moja, kila mtu na lake moyoni, na nilimpenda mno mtu huyu, nisingeweza kuyavumilia hayo.

"Haifunguki," alisema.

"Naona."

Akaiweka simu juu ya meza ya kukatia. Akakohoa, bila kikohozi chochote.

"Nilimuua mzee kwanza," alisema. "Kipande kikatoka kizuri tu. Halafu nikamwona bibi amebaki peke yake ndani ya nyumba, anaongea, na hakuna wa kumsikiliza. Sikuweza kukitazama. Nikakifuta." Alikuwa anazungumza na sakafu. "Nikaona bora abaki mzee. Yeye kimya amekizoea. Lakini ilinipasa nikuulize. Samahani, mke wangu."

Deni lilikuwa langu sasa, lile neno la karakanani, tena nililisema nikijua ni uongo. Ni yeye aliyempa Bi Gamba yale macho ambayo watu huyapenda hata kabla hajasema kitu.

Simu ikalia kidogo. Kiduara kimetoweka, programu imefunguka. Akaitazama, kisha akanisogezea katikati ya vipande vya vitambaa.

"Imekubali," alisema kwa upole. "Ukitaka."

Niliichukua haraka, na moyo wangu ukafurahi, nisidanganye. Bi Gamba atafufuka, atamletea mzee chai, nami nitakuwa nimemaliza bila kutamka lolote. Nilikuwa nimeshaandika "Bi Gamba anaamka" vidole vikanigoma. Miaka yote nimemcheka mwenzangu, kumbe na mimi nilikuwa sijawahi kusema samahani.

Nikaizima simu.

"Si kweli kwamba unabonyeza tu," nilisema, na sauti ikatoka nyembamba, haikuwa ya Bi Gamba hata kidogo. "Nisamehe, mume wangu."

Alinisogelea, akatega sikio. "Umesemaje?"

Alikuwa amesikia vizuri sana, mjanja yule. Nikasema tena.