Karoti Nzima

Fundi cherehani mstaafu alikuwa amebakiwa na meno mawili, nayo hayakutani. Bintiye alikwisha kufungia mkate na sukari kabatini. Nyumba hiyo sasa ilikula vyakula asilia tu, visivyokobolewa wala kusagwa. Akamwekea karoti mbichi na karanga.

"Mwanangu, nipondee basi kidogo."

"Nikiponda si chakula kizima tena, baba. Usinirudishe nyuma."

Mzee aliimung'unya karoti mpaka ikapata joto, akaitema vilevile ilivyoingia.

Jumamosi bintiye alimpandisha kwenye mizani mbele ya majirani.

"Amepungua kilo saba kwa mwezi," alisema, akimshika kiunoni asianguke.

"Ni njaa," mzee alinong'ona.

"Anatania huyu." Majirani wakacheka, na mmoja akaomba aandikiwe vyakula hivyo, ampelekee mama yake.