Ufa Kando ya Nyonga ya Chuma

Bibi Bouakham aliingia chumba changu cha CT asubuhi ya ukungu, ameegemea bega la bintiye, Viengsay. Nyonga yake ya kushoto ni ya chuma. Aliwekewa miaka tisa iliyopita, alipoteleza kwenye tuta la mpunga. Tangu mvua zianze paja lilimuuma, na picha mbili alizopigwa hazikuonyesha kitu.

"Hazikuonyesha kwa sababu hamna kitu, dada Daovone," Viengsay alininong'oneza. "Mama anataka tu tukae naye."

"Mguu ndio mbovu, we mtoto, masikio mazima!" bibi akamjibu.

Nilimvua mkanda wa fedha kiunoni.

"Na chuma cha ndani je, utakivua?" akaniuliza.

"Hicho nitakivua kwenye picha, bibi."

Picha za zamani nilikuwa nimeziona. Chuma humeza mionzi, na mashine ikikosa mionzi hubahatisha. Ndiyo maana kutoka kwenye ile nyonga ilitawanyika miale myeupe na mistari myeusi, mfupa wote ukapotelea humo.

Nikaongeza nguvu ya mionzi. Mashine ikaanza kuvuma taratibu, kitanda kikateleza ndani, na bibi akasinzia, midomo ikichezacheza kama anayeongea na mtu wa mbali. Ukungu ulikuwa umeegemea dirisha. Sijui nilikaa muda gani nikiusikiliza ule mvumo.

Kisha nikaiagiza kompyuta ipige hesabu upya: iondoe sehemu iliyoharibiwa na chuma, ijazie kwa kufuata vipimo vya pembeni. Miale ikafifia mmoja mmoja. Mfupa ukaja polepole, wa kijivu, mpole, na juu yake uzi mweusi mwembamba.

Sikuuamini mara moja. Hesabu hizi nazo huweza kuchora kisichokuwepo. Nikarudi kwenye picha ambayo haijasafishwa, nikaitazama kwa pembe nyingine. Uzi ulikuwepo, hafifu, palepale. Nikamwita daktari Phetsamone. Aliinama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mfupa una ufa," akasema. "Kaukanyagia miezi yote hii."

Viengsay, aliyekuwa nyuma yetu, alishika ukingo wa meza. Alipoingia kwa mama yake, alikuwa analia.

"Mama, nisamehe."

Bibi alifumbua macho. "Nilikuwa ndotoni na baba yako, tunavuka maji meupe. Kaniambia nisikanyage." Akamtazama bintiye. "Unalia nini? Nishike mkono, kitanda hiki kinateleza."

Wiki iliyofuata alifanyiwa upasuaji jijini Vientiane. Siku hizi anatembea kwa mkongojo. Viengsay hufunga duka lake mapema, wakala wali wa kunata pamoja barazani. Mama akisema anaumwa, binti huweka tonge chini na kuuliza, "Wapi?"